Dishi au kebo kwa anayetaka kurekodi?

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wasomaji wanaosita kuchagua kati ya dishi na kebo ili warekodi vipindi vya televisheni vyenye picha ya ubora wa juu. Wengi huulizia idadi ya chaneli tu, ilhali king'amuzi hurekodi mawimbi kama yanavyoingia, hivyo mvua kubwa ya masika ikiyakata katikati ya mechi, dakika hizo hazipatikani tena hata diski iwe kubwa namna gani. Kebo haisumbuliwi na mawingu, lakini mitaa mingi ya Dar es Salaam haina, na vijijini ndiyo usiseme.

Kwa walio wengi, basi, napendekeza dishi, kwa sharti moja ambalo baadhi ya mafundi hulipuuza: ving'amuzi vingi vya kurekodi huhitaji nyaya mbili kutoka kwenye LNB (kile kifaa kidogo kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), ndipo mtu aweze kurekodi chaneli moja huku akitazama nyingine. Fundi asiondoke kabla hajakuonyesha hilo likifanyika. Kumbuka pia kwamba saa moja ya picha inayoingia kwa megabiti 8 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 3.6 za diski.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam