Mochwari ya kufundishia ianze na hewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulikwepa mpaka siku tunapofiwa. Moshi na Arusha tuna vyuo vya afya na hospitali kubwa. Hospitali ya rufaa ya KCMC hapa Moshi imevuka nusu karne tangu ifunguliwe mwaka 1971. Hata hivyo, wengi wa wanaotuhifadhia wapendwa wetu wamejifunza kazi kwa kumtazama aliyewatangulia. Chuo kikuu kimojawapo cha kanda hii kijenge mahali pa kufundishia kazi hiyo kwa ngazi ya shahada. Na kikiamua kujenga, kiwaite wahudumu wa mochwari waketi na mchoraji kabla ramani haijaanza kuchorwa.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kwa miaka mingi nimeingia mochwari za huku kwetu kutengeneza kompresa na kubadilisha mipira ya milango, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hewa, maana ndiko watu wanakoumia bila kuonekana.

Dawa ya kuhifadhia mwili ni fomalini, yaani maji yaliyobeba gesi ya fomaldehaidi. Ikiwa kwenye dumu gesi hiyo hufika asilimia 37 hadi 40, kisha huchanganywa na maji na dawa nyingine kabla ya kusukumwa kwenye mshipa wa shingoni au wa pajani. Inachoma macho na kukereketa koo. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba fomaldehaidi husababisha saratani kwa binadamu. Sasa ingia kwenye mochwari ya kawaida, uangalie feni ya kutolea hewa iko wapi. Mara nyingi utaikuta juu, karibu na dari. Mvuke unatoka kwenye mwili na kwenye beseni, unapita puani mwa anayefanya kazi, ndipo unaifikia feni. Feni inazunguka vizuri kabisa, na mhudumu ameshavuta kila kitu.

Hewa inatakiwa isafiri njia nyingine. Iingie safi kutoka juu, mgongoni kwa mwanafunzi, ishuke, ipite juu ya mwili, halafu ivutwe na matundu yaliyo kwenye kingo za meza au chini ukutani, na itoke nje moja kwa moja bila kurudishwa ndani. Wakubwa wakilalamikiwa harufu hukimbilia kununua kiyoyozi cha ukutani. Kiyoyozi kile hakitoi hewa nje. Kinaizungusha ileile, baada ya kuipoza.

Na tupige hesabu. Miongozo ya Marekani ya vyumba vya kupasulia maiti inataka hewa yote ya chumba ibadilishwe si chini ya mara 12 kwa saa. Chumba cha mita 8 kwa 6, chenye kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 144, kwa hiyo mitambo inapaswa kutoa mita za ujazo 1,728 kila saa. Zile feni ndogo za chooni ambazo hufungwa ilimradi ionekane kuna feni haziikaribii kazi hiyo. Pia chumba kiwe kinavuta hewa kutoka koridoni, kisiisukume kwenda huko. Kupima ni rahisi: chukua karatasi ya chooni, ishike chini ya mlango uliofungwa. Ikipepea kuelekea ndani, umepona. Ikipepea kuelekea koridoni, harufu na vijidudu vinawafuata wafiwa na wagonjwa.

Hapa kwetu kuna jambo la mlima pia. Mchana upepo hupanda kuelekea Kilimanjaro, usiku hushuka. Bomba la kutolea hewa likiwekwa kwa kuangalia upepo wa asubuhi ya siku moja, usiku litazirudishia wodi kile lilichotoa. Umeme nao ukikatika, jokofu la maiti lililofungwa vizuri hubaki na baridi kwa muda, lakini hewa haina akiba. Jenereta nyingi nilizokutana nazo zimeunganishwa na majokofu tu. Kwenye jengo la kufundishia feni ziingie kwenye laini ya jenereta pamoja na majokofu.

Maji yana hatari yake. Mpira wa kuoshea ukiachwa umezama kwenye beseni la damu, na presha ya bomba ikashuka, yale machafu hunyonywa na kurudi kwenye mabomba ya jengo zima. Kwetu maji hukatika, kwa hiyo kila koki ya meza iwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Maji yanayotoka mezani nayo yasielekezwe kwenye septiki ya kawaida, kwani fomalini inaua vijidudu vinavyosaga uchafu mle ndani. Yawe na tangi lake, yatibiwe. Kwenye mteremko chini ya miji yetu kuna mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, na migomba ya watu.

Sababu yangu ya kutaka wahudumu waitwe mapema niliipata kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Mhudumu alinionyesha meza ya chuma kisichoshika kutu, ya gharama, mpya. Ilikuwa imelala sawasawa kama meza ya chakula, maji hayaendi kwenye tundu. Akawa ameweka vipande vya tofali chini ya miguu ya upande wa kichwani. Kisha akanipeleka mlangoni, kwenye kizingiti ambacho kila machela ikifika lazima watu wawili wainyanyue, mwili ukiwa juu yake. Akaniambia, "Fundi, aliyechora hapa hajawahi kubeba maiti." Meza ya mwanafunzi iwe na mteremko kuelekea miguuni na iweze kupandishwa na kushushwa, maana wanafunzi hawalingani vimo na migongo inaharibika mapema kwenye kazi hii.

Wanafunzi wachache wasimame mezani, wengine waone kupitia kioo na kamera. Mwili wa mtu usitumike kufundishia bila ndugu kuelezwa na kuridhia kwa maandishi. Hili nalisema kwa mkazo. Wafiwa wawe na mlango wao, mahali pa kukaa na chumba cha kuaga, wasipishane na ndoo za usafi. Waislamu wapate mahali pa stara pa kuoshea na kukafini, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, bila kusubiri ratiba ya darasa, kwani wao huzika mapema. Familia nyingi za Kichaga huleta marehemu kutoka Dar es Salaam au mbali zaidi wamzike kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na mwili uliohifadhiwa vibaya unawaumiza wakati wa kuaga.

Tukumbuke na siku za majanga. Mei 2017 basi la wanafunzi wa Arusha lilianguka Karatu, wakafariki watu 35. Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, magari mawili yaligongana na kuwaka moto, na miili mingi haikuweza kutambuliwa kwa sura. Jengo liwe na uwanja wa zege wenye umeme na mfereji, ambako kontena la baridi linaweza kuegeshwa, na chumba cha kuchukulia sampuli za vinasaba. Marburg iliyotokea Kagera mwaka 2023 nayo ilitukumbusha kwamba kuna ugonjwa unaoambukiza hata baada ya mtu kufa. Njia ya kuvalia na ya kuvulia aproni na gambuti ziwe mbili tofauti.

Wenzetu wameanza zamani. Cincinnati, Marekani, kuna chuo cha kazi hii tangu 1882, na Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa na masomo yake tangu 1908. Karibu zaidi, Chiromo jijini Nairobi, mochwari iko chini ya idara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kutoka Arusha kupitia Namanga ni safari ya siku moja. Wachoraji wetu waende na wahudumu wawili watatu, wakawaulize wenzao wa kule wangebadilisha nini.

Ombi langu kwa chuo kitakachothubutu ni kwamba mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka hewa ipimwe wanafunzi wakiwa ndani, fomalini ikiwa mezani na milango ikifunguliwa na kufungwa kama siku ya kazi. Na anayesaini kwamba imefaa awe mhudumu atakayefanya kazi humo.

Wako,
Fundi majokofu,
Pasua, Moshi