Tembo tunajua anakuja lini, kwanini tumsubiri na mawe?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni mkulima wa Mang'ula huku Kilombero, nalima mpunga, mahindi na migomba kidogo chini ya milima ya Udzungwa, na gazeti lenu huwa nalisoma kwa fundi cherehani pale stendi maana yeye hununua kila siku na akimaliza linazunguka kwa watu. Nimeamua kuandika kwasababu nimekutana tena na ile habari ambayo nimeshaisoma mara nyingi mno, tembo wamevamia mashamba, mtu mmoja kajeruhiwa, wananchi wanaiomba serikali iingilie kati, basi habari imeisha. Hakuna aliyeandika huyo mtu alikuwa anafanya nini saa tano usiku mbele ya tembo na alikuwa ameshika nini mkononi. Mi najua alikuwa ameshika nini. Simu yenye tochi na jiwe, maana ndo tunachoshika wote.

Naomba nieleze ya kwetu. Miaka michache iliyopita, mwezi wa tano, mpunga ulikuwa umeshaanza kuinama, nikiwa nimelala kwenye dungu shambani, kama saa nne na nusu hivi nikasikia migomba inapasuka upande wa jirani. Mgomba ukivunjwa na tembo sauti yake sio kama ya mti, ni kama mtu anachana shuka lililolowa maji, pole pole, halafu kimya, halafu unachanwa mwingine. Watu wakaanza kuitana kwa filimbi na madebe, kila mtu akatoka na lake, huyu kijinga cha moto, huyu mbwa wake wawili, huyu panga. Kijana wa jirani akawa anakimbia kupita kwetu na mama yake yuko nyuma anamwita, "Mwanangu rudi, mwache ale, rudi!" Naye akamjibu bila kugeuka, "Mama pale kuna mkopo wa mbolea!"

Sasa hebu fikiria tembo alivyotuona. Kushoto kuna moto, nyuma kuna kelele na madebe, kulia kuna mbwa wanabweka, na mbwa akizidiwa si anamkimbilia mwenye mbwa, na tembo anakuja naye. Ikabaki sehemu moja tu iliyo wazi, kile kinjia cha kwenda msituni, na kwenye kile kinjia ndo alikuwa amesimama yule kijana na tochi ya simu. Sijui hata kama tembo alikuwa anamtaka yeye, nadhani alikuwa anataka kutoka tu. Mguu ulivunjika sehemu mbili na mpaka leo anatembea na fimbo, mpunga wenyewe haukuokolewa, na baada ya siku tatu tembo walirudi kama kawaida.

Hakuna siku naipita ile njia bila kukumbuka kwamba sisi wenyewe tuliifunga. Hatukukusudia, ila hakuna aliyekuwa amepanga nani asimame wapi.

Ndo maana naandika Mhariri. Tembo hatushtukizi. Mvua tunaijua, mpunga na mahindi yanakomaa lini tunajua, njia anazoshukia ni zile zile, hata mtoto wa darasa la tatu atakuonyesha. Lakini maandalizi yetu yanaanza usiku ule ule ambao ameshaingia, na msaada unaanza baada ya mtu kuumia, na nyie wa magazeti mnakuja baada ya msaada. Wote tunachelewa kwa jambo ambalo lina kalenda.

Kuna watu wanasema dawa ni kuwapiga risasi au kuwawekea sumu, na nawaelewa kabisa wanatoka wapi maana mtu aliyelala njaa huwezi kumhubiria. Lakini tembo aliyepigwa mkuki au kuchomwa moto hasahau, anakuwa mkali, na anayemkuta kesho asubuhi sio yule aliyemchoma, ni mwanafunzi anaenda shule au mama anayetafuta kuni. Na sumu haichagui, itakula tai, itakula mbwa wako, itaingia kwenye maji. Tena nchi hii tumeshaona risasi zinafanya nini, mwaka 2009 tulikuwa na tembo kama 109,000 na mwaka 2014 walipohesabiwa tena wakabaki kama 43,000, majangili waliwamaliza ndani ya miaka mitano. Sasa hivi ujangili umepungua wanaanza kuzaana tena, na huku nyuma sisi tumeshalima mpaka kwenye mapito yao ya zamani ya kutoka Udzungwa kwenda kule Selous ambako sehemu kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nikiwa mtoto tembo kushuka mpaka mashambani huku tulikuwa tunasikia tu. Hatukuwazoea na wao hawakutuzoea.

Hapa lazima niwasifu wenzetu wa vijiji vya huku Kilombero waliokubali kupisha ili ushoroba, yaani pito la wanyama, ufunguliwe, na barabara ya Kidatu kwenda Ifakara ikawekewa njia ya tembo kupita chini yake. Kumwachia mnyama ardhi wakati wewe mwenyewe una ekari mbili si jambo dogo, na sijaona likiandikwa kwa uzito wake.

Kuhusu nyuki sasa, maana hapa ndo nina mengi. Wafugaji wa Laikipia kule Kenya walikuwa wanajua siku nyingi kwamba mti wenye nyuki tembo hausogelei. Watafiti wakawasikiliza, mmoja wao Lucy King akawapigia tembo sauti ya nyuki iliyorekodiwa kwenye spika, na tembo wakaondoka mbio huku wanatikisa vichwa na kuonyana wenyewe kwa wenyewe kwa mngurumo. Ngozi ya tembo ni nene lakini nyuki haendi huko, anaenda kwenye macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Kutokana na hilo ndo ukaja uzio wa mizinga. Unasimamisha nguzo kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10 unaning'iniza mzinga au ubao wa njano unaofanana na mzinga, vyote vimeungwa kwa waya mmoja, tembo akigusa waya kwa kifua mizinga inayumba mstari mzima na nyuki wanatoka. Kule Sagalla karibu na Tsavo Mashariki walipofuatilia waliona kama tembo 8 katika kila 10 wanaokaribia wanageuza. Na hapa hapa Mang'ula wakulima wa Njokomoni walianza uzio wa namna hii zaidi ya miaka 10 iliyopita, sio jambo la kusimuliwa kutoka nje.

Mimi nilijifunza kwa kuangalia, nikajichanga na mke wangu tukaweka mizinga 6 upande wa msituni. Naomba niseme na yasiyopendeza maana hizi habari zikiandikwa huwa zinaandikwa kama miujiza. Mizinga miwili tu ndo iliingia nyuki mwaka wa kwanza. Mmoja nyegere aliuvunja usiku mmoja, akala asali na majana yote akaacha mbao zimetapakaa, ikabidi tuvishe nguzo mabati. Sisimizi wanapanda kwenye waya mpaka upake grisi. Ukame ukija nyuki wanahama, na mzinga mtupu ni boksi tu, tembo naye anajua. Kwahiyo sio kitu cha kufunga leo ukasahau, ni mifugo, unaitembelea, unaiwekea maji kwenye beseni na vijiti ili nyuki wasizame, unafyeka chini yake.

Lakini lililoniumiza ni jingine. Ule upande wangu ulivyoanza kufanya kazi, asubuhi moja nikafuata nyayo, nikaona tembo amekuja mpaka kwenye waya, amesimama, ardhi imekanyagwa pale pale kama aliyekuwa anafikiria, halafu akageuka akatembea sambamba na uzio wangu mpaka ulipoishia. Ulipoishia ndo lilipoanzia shamba la bibi mmoja mjane anayelea wajukuu watatu. Alikula pale. Nilienda kumpa pole nikakosa la kusema, akaniambia tu, "Mwanangu wewe umefanya vizuri, sasa mimi nifanyeje?"

Swali la yule bibi ndo barua yangu yote. Uzio wa mtu mmoja unamhamishia jirani tembo. Mwaka uliofuata tukakaa watu 11 tunaopakana mstari ule, tukaunganisha waya ukawa mmoja, sehemu ya bibi tukaiweka wote kwa nguvu zetu, na pale mizinga ilipokosekana tukavuta kamba ya katani tukafunga vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu ya magari na pilipili kichaa iliyotwangwa. Hii nayo inasaidia kwasababu pua ya tembo ni kali kuliko ya mbwa, pilipili inamchoma kabla hajafika, na oili inazuia mvua isiioshe haraka, ingawa masika ikikolea lazima upake upya kila baada ya wiki mbili tatu. Ukitwanga funga kitambaa usoni na usiguse macho, mke wangu alilia siku nzima. Wengine wanachanganya pilipili na kinyesi cha tembo wanafyatua tofali, wanachoma pembeni ya shamba jioni moshi unakaa usiku kucha.

Na tukapanga zamu. Hili halina gharama kabisa na kwangu ndo kubwa kuliko yote. Hakuna mtu kutoka peke yake, hakuna mbwa, hakuna aliyekunywa. Tunatoka watano watano na tochi kubwa moja na honi, tunasimama wote upande mmoja, ule wa vijijini, na ule upande wa msituni tunauacha wazi mweusi kabisa, hakuna mtu hata mmoja, yeye aende zake. Mwanzoni vijana walikuwa wanaona ni uoga. Siku ya kwanza tulipomulika na kupiga honi akasimama, akapanua masikio, akatuangalia muda ambao sisi tuliuona ni mrefu sana, kisha akageuka akaondoka anatembea, hata kukimbia hakukimbia. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyerusha hata jiwe. Na mavuno tumekubaliana hayalali ndani ya nyumba ya kulala watu, maana harufu ya mahindi inamfanya abomoe ukuta na watoto wako ndani.

Sisemi hatukupoteza. Msimu uliopita waliingia mara mbili, migomba ya mwenzetu mmoja ilikwisha. Ila misimu miwili sasa hakuna mtu wa mstari wetu aliyelazwa hospitali na hakuna tembo aliyeondoka na mkuki mwilini.

Kuhusu fidia nitasema kidogo tu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa, na kifuta jasho cha shamba kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5. Wenzetu Kenya sheria yao ya mwaka 2013 iliandika milioni 5 za kwao kwa kifo. Mkulima akipiga hesabu ya mbegu, mbolea na trekta anajua mwenyewe hicho kifuta jasho kinafuta kiasi gani, na huyo kijana wetu wa mguu fomu zake zilizunguka ofisini mpaka akachoka kufuatilia. Hili lipiganiwe na liendelee kupiganiwa. Lakini hata ingekuwa milioni mia, mguu haurudi, ndo maana mi nasisitiza yale ya kabla.

Sasa ombi langu kwenu Mhariri, na nalisema kwa heshima. Mwezi wa pili na wa tatu, kabla mpunga haujabeba, tengeni ukurasa mmoja tu. Waulizeni halmashauri zote zinazopakana na hifadhi zimenunua tochi na honi ngapi na zimezigawa vijiji gani, sio baada ya msiba, kabla. Andikeni namna ya kupaka pilipili, namna ya kusimama, umwachie tembo upande upi. Andikeni hatua za kuripoti uharibifu, kwamba uanze kwa mtendaji wa kijiji, picha upige kabla hujasafisha shamba, maana wengi wanakosa hata hicho kidogo kwasababu walishafyeka. Na mkiandika mtu kajeruhiwa, tafadhali mtume mtu akaulize ilikuwaje, nani alisimama wapi, ili kijiji kingine kisome kijifunze. Neno "wavamizi" mkiweza mlipunguze, vijana wakilisoma wanatoka na mapanga.

Na wataalamu wa wanyamapori nawaomba mje mtuone mwezi wa kwanza tukiwa na muda, tukae chini ya mti tuchore ramani ya mapito pamoja, wazee bado wapo wanayakumbuka. Mkija mwezi wa sita tunakuwa tumeshakasirika na hatusikilizani.

Wiki iliyopita nilipita kukagua ule upande wa bibi. Mzinga wa tatu kutoka mwisho, uliokuwa mtupu tangu tuutundike, nyuki wameingia. Nilimwita akaja na mjukuu wake mdogo, wakasimama mbali kidogo wanaangalia wanavyotoka na kuingia, akaniuliza asali ya kwanza itakuwa lini, nikamwambia tukijaliwa, mpaka mwisho wa kiangazi.

Wenu msomaji,
Mkulima,
Mang'ula, Kilombero, Morogoro