Kikao cha awali cha kesi ya madai si siku ya "kutajwa tu"

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wananchi wenye kesi za madai, hasa wanaojisimamia bila wakili. Katika kesi hizo kuna siku ambayo wengi huidharau, nayo ni ya kikao cha awali, pale hakimu au jaji anapokutana na pande zote kabla shahidi yeyote hajasikilizwa. Mtu akiulizwa anakwenda mahakamani kufanya nini, hujibu, "Leo inatajwa tu." Basi anakwenda mikono mitupu, au haendi kabisa.

Sheria haiichukulii siku hiyo hivyo. Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33 ya Sheria za Tanzania, kama ilivyorekebishwa kwa Tangazo la Serikali Na. 381 la mwaka 2019, inaipa mahakama uwezo wa kuifuta kesi endapo mdai hakufika kwenye kikao hicho. Aliyekosekana akiwa mdaiwa, utetezi wake unaweza kuondolewa na kesi ikaendelea kusikilizwa upande mmoja. Kama unaumwa, mtume mtu asubuhi ile ile akiwa na cheti cha daktari. Kuomba amri itenguliwe baadaye ni kazi ngumu na ya gharama. (Tunazungumzia Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Mahakama za Mwanzo zina utaratibu wake, na Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ina kanuni zake zinazotaka maelezo ya mashahidi yawasilishwe kwa maandishi.)

Maandalizi yaanze kwa kusoma hati mbili, yaani hati ya madai na utetezi wa maandishi, ambao mdaiwa hutakiwa kuuwasilisha ndani ya siku 21 tangu apokee wito. Chukua karatasi, uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika namba ya aya ya madai, ya pili jibu la mdaiwa kwa aya hiyo, na ya tatu ushahidi ulio nao. Ukimaliza utaona mambo ambayo mwenzako ameyakubali, aliyoyakana, na yale aliyoyazungukazunguka bila kuyajibu. Haya ya mwisho yapigie mstari, kwa kuwa jambo lisilokanwa waziwazi huweza kuhesabiwa kuwa limekubaliwa.

Kutoka kwenye karatasi hiyo ndipo utapata hoja zinazobishaniwa, na hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Tuseme mdai ameuza saruji kwa mkopo na anadai shilingi milioni 48. Mdaiwa anakubali kwamba kulikuwa na mkataba, ila anasema alipokea nusu ya mzigo. Watu wawili hawa wakiacha hoja ya kwanza iandikwe "je, kulikuwa na mkataba?", watapoteza siku nzima za ushahidi kuthibitisha jambo lisilo na ubishi. Hoja halisi ni tatu: mzigo uliopokelewa ulikuwa kiasi gani, ni kiasi gani cha fedha kimekwisha kulipwa, na kila upande unastahili nafuu gani, yaani mahakama iupe nini. Ziandike mapema kwa sentensi fupi, mpelekee mwenzako au wakili wake, mkubaliane mnayoweza kukubaliana. Mahakama ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu hoja, lakini hakimu aliyeletewa rasimu nzuri kwa kawaida huanzia hapo.

Vielelezo navyo, yaani hati na vitu vya ushahidi, vikaguliwe kimoja kimoja kabla ya siku hiyo. Je, unayo nakala halisi au kivuli? Ikiwa nakala halisi iko kwa mwenzako, mpe notisi ya maandishi ya kumtaka ailete, na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Mkataba unaotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu na haukulipiwa utapingwa siku ya kuupokea. Kasoro hiyo hurekebishika kwa kulipa ushuru pamoja na adhabu yake, kwa hiyo ilipe sasa, usingoje siku shahidi wako amesimama. Ujumbe wa simu na picha za WhatsApp ni ushahidi unaokubalika chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini mahakama itataka kujua simu ilikuwa ya nani, nani aliyechapisha karatasi hizo, kwa kifaa gani, na kama kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Andaa kiapo kinachoeleza hayo, na simu yenyewe usiiuze. Kila hati ipe namba ya ukurasa, kisha toa nakala za mahakama, za kila mdaiwa, na zako.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni nani atakayekitoa kila kielelezo. Hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na mtunza ghala inapaswa itolewe na mtunza ghala huyo, au mtu mwingine aliyeishuhudia au anayeitunza kihalali. Mkurugenzi ambaye hajawahi kuiona hana cha kusema akihojiwa. Kama mtunza ghala alikwisha kuacha kazi, mtafute sasa. Orodha yako ya mashahidi iwe na jina, jambo atakalothibitisha, kielelezo atakachotoa, na siku asizopatikana. Mashahidi watano wanaorudia jambo moja hawamzidi mmoja anayelijua vizuri.

Pingamizi za awali, yaani hoja za kisheria za kuizuia kesi kabla haijasikilizwa, zijulikane mapema. Madai ya mkataba yana ukomo wa kufungua kesi wa miaka 6, ya madhara yasiyotokana na mkataba miaka 3, ya kurejesha ardhi miaka 12. Anayeishitaki Serikali alipaswa kutoa notisi ya siku 90 kwanza. Kama hati yako ina kasoro inayorekebishika, omba marekebisho kabla ratiba haijapangwa. Ratiba ikishatolewa haibadilishwi ila mahakama iridhike kwamba haki inahitaji hivyo, na gharama kwa kawaida hubebwa na aliyeomba. Kwa sababu hiyo usikubali tarehe kwa kutikisa kichwa tu. Kesi hupangwa katika mojawapo ya makundi manne ya kasi, na zile maalumu zinaweza kufika miezi 24. Njoo na kalenda yako na ya mashahidi wako, useme wazi kesi itahitaji siku ngapi.

Kisha kuna usuluhishi, ambao haupaswi kuzidi siku 30 tangu kikao chake cha kwanza. Huko nako kutofika kuna adhabu. Kampuni au benki inayomtuma ofisa asiye na mamlaka ya kupunguza hata shilingi inapoteza muda wa kila mtu. Nenda na hesabu ya deni yenye mtaji, riba, malipo yaliyofanyika na tarehe zake, na kiwango cha chini unachoweza kukubali, ambacho ni siri yako. Mkikubaliana, soma hati ya makubaliano neno kwa neno kabla ya kusaini: lini, kiasi gani, na nini kitatokea malipo yakichelewa. Tuzo, yaani amri ya mahakama ya kumaliza kesi, inayotokana na makubaliano ya pande zote haikatiwi rufaa.

Tunaiomba Mahakama wito wa kikao cha awali uwe na kiambatisho cha ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kinachotaja mambo ya kuja nayo: rasimu ya hoja, orodha ya vielelezo, orodha ya mashahidi na tarehe zao. Leo wito mwingi hutaja tarehe, saa na namba ya kesi pekee, na mwananchi asiye na wakili hana namna ya kujua kwamba siku hiyo ndiyo kesi yake inapochorewa mipaka.

Ni sisi,
Mawakili wa kujitegemea,
Mwanza