Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori: Maziwa ya Mlima Kenya yaandikwe pamoja na masimulizi yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Umoja, hapa Nairobi, nikiwa mwalimu wa jiografia na mpenda milima. Nina ombi moja. Serikali ianze kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Mlima Kenya na maziwa yake, kisha iupeleke mlima huo upya mbele ya UNESCO ili utakatifu wake utambuliwe sawa na uzuri wake.

Mlima Kenya uliingia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 1997, kwa vigezo vya asili pekee: mandhari yake, na uhai wa mimea na wanyama wa nyanda za juu. Mwaka 2013 eneo hilo likapanuliwa, Lewa na msitu wa Ngare Ndare vikaongezwa, lakini vigezo havikubadilika. Kwa hivyo, katika hati inayosomwa dunia nzima, mlima ambao Wagikuyu, Waembu na Wameru wamekuwa wakiuelekea katika sala tangu enzi za mababu umesajiliwa kwa ajili ya miamba, barafu na lobelia zake. Hilo halitoshi hata kidogo.

Kisasili cha Gikuyu na Mumbi tunakijua sote. Ngai, yaani Mungu, alimwita Gikuyu juu ya Kirinyaga, ndio Mlima Kenya, akamwonyesha nchi yote iliyotandaa chini yake, akamtuma Mukurwe wa Nyagathanga alikomkuta Mumbi. Lakini masimulizi ya mlima hayakuishia kileleni. Upande wa maji tumeuacha usahaulike. Katika ngano za Wagikuyu, mũkũnga-mbura, yaani upinde wa mvua, ni dubwana linaloishi majini na kumeza mifugo na watu. Mtoto aliyelala akiisikia ngano hiyo hakulisogelea ziwa ovyo alipokua. Alinyamaza alipofika ukingoni, na hakuyachafua maji ambayo aliamini yana mwenyewe. Ulinzi wa aina hiyo haukuhitaji askari wala faini, na ulidumu kwa karne nyingi.

Sasa, Mheshimiwa, tazama upande wa Meru. Ndani ya msitu, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,350, kuna ziwa dogo lililokaa katika kreta ya volkeno iliyozimika. Ramani na majarida ya sayansi yanaliita Sacred Lake. Katika miaka ya 1960, Coetzee, mtaalamu wa mimea ya kale kutoka Afrika Kusini, alichunguza chavua iliyohifadhiwa katika tope la ziwa hilo. Tope hilo lilikuwa limetunza kumbukumbu ya zaidi ya miaka 30,000. Kutokana nalo ikajulikana kwamba wakati wa baridi kuu ya kale, mimea ya kileleni iliteremka mlimani kwa takriban mita 1,000. Watafiti wengine wamelirudia ziwa hilo tangu wakati huo, na matokeo yao yamesomwa katika vyuo vikuu vya mbali.

Naiheshimu kazi hiyo na huwafundisha wanafunzi wangu. Lakini tope la ziwa likishapimwa tabaka kwa tabaka, je, simulizi za watu walioliita takatifu kabla ya mtafiti yeyote kufika nazo hazistahili kuandikwa kwa uangalifu uleule? Nani alikwenda kuomba pale, wakati gani, kwa jambo gani, na nini kilikatazwa ukingoni mwake? Hayo ndiyo ningependa mwanafunzi wa Nairobi aweze kuyasoma katika kitabu cha Makavazi ya Kitaifa, na mgeni ayasikie kabla hajavua viatu vyake kuingiza miguu majini.

Juu zaidi kuna maziwa ya Rutundu na Alice. Mwaka 2010 mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Kate Middleton huko, na tangu hapo habari ya posa hiyo imekuwa hadithi maarufu kuliko zote za sehemu ile. Simnyimi mtu furaha yake. Ninachosikitikia ni kwamba leo ni rahisi zaidi kupata simulizi ya uchumba ule kuliko simulizi yoyote ya wenyeji kuhusu maji yaleyale. Tazama pia majina yaliyo kwenye ramani: Michaelson, Ellis, Alice, Höhnel, Teleki, Hausburg. Sidai yafutwe. Nasema tu kwamba watu waliouishi mlima huu kabla ya mpelelezi Teleki kuupanda mwaka 1887, na kabla ya Mackinder kufika Batian, kilele chake cha juu kabisa, mwaka 1899, nao walikuwa na la kusema.

Kuna jambo linalofanya shughuli hii isingoje. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba, mwenendo ukiendelea hivi, barafu ya Mlima Kenya itakuwa imetoweka yote karibu na mwaka 2030. Barafu hiyo ndiyo iliyochonga mabonde na kuchimba mashimo ya miamba ambamo vijiziwa vya juu vimekaa. Simama kwenye vijiziwa vya Hall Tarns, penye njia ya Chogoria, ulitazame Ziwa Michaelson likiwa karibu mita 300 chini yako, mwamba umesimama wima kama ukuta. Utaona kazi ya barafu ambayo hakuna binadamu wa leo aliyeishuhudia. Barafu ikiisha, maziwa haya ndiyo yatakayokuwa ushahidi mkubwa kwamba iliwahi kuwepo. Na wazee wanaoyajua masimulizi yake hawatatungoja.

Mtu wa Nairobi anaweza kuuliza yanamhusu nini. Mito kama Sagana na Thiba inateremka kutoka mlima huu, inaingia katika Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Taa ninayoandikia barua hii ina deni kwa mlima ule.

Ombi langu si geni duniani. New Zealand ilikuwa na hali kama yetu. Mbuga yao ya Tongariro iliorodheshwa mwaka 1990 kwa sifa za asili tu, ingawa vilele vyake vilikuwa vitakatifu kwa Wamaori, na chifu wao Te Heuheu Tukino ndiye aliyevikabidhi kwa taifa mwaka 1887 ili visivunjiwe heshima. Serikali yao ikarudi mezani, na mwaka 1993 Tongariro ikawa ya kwanza duniani kutambuliwa kama mandhari ya kitamaduni. Leo anayepita kando ya Blue Lake mlimani huko anaombwa asiogelee na asile chakula ukingoni, kwa sababu ziwa hilo ni takatifu kwa wenyeji. Watalii hawakukimbia. Wanaambiwa sababu, nao wanaheshimu.

Nchini Nepal, Gosaikunda liko kwenye mwinuko wa mita 4,380. Wahindu husimulia kwamba Shiva alipomeza sumu ili kuuokoa ulimwengu, koo lilimwaka moto, akaupiga mlima kwa mkuki wake wenye ncha tatu mpaka maji ya kumpoza yakabubujika. Mwaka 2007 ziwa hilo liliwekwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu, na mahujaji bado wanapanda kila Agosti. Marekani nayo ililichukua Blue Lake jingine, la Wataos, wenyeji asilia wa New Mexico, mwaka 1906 na kulifanya sehemu ya msitu wa serikali. Wataos walidai ziwa lao la ibada kwa zaidi ya miaka 60, hadi Rais Nixon alipotia saini sheria ya kuwarudishia ekari 48,000 mnamo Desemba 1970.

Najua yupo atakayesema kwamba hii ni kurudisha ibada za kale. Mimi ni Mkristo na simwombi mtu abadili dini yake. Kuandika walichoamini bibi na babu zetu ni kuwatendea haki. Hofu ninayoiona kuwa nzito zaidi ni nyingine: yapo mambo ambayo wazee hawataki yatangazwe, na wanayo haki hiyo. Ndiyo maana kazi hii iongozwe na wao. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni tayari inazitaka serikali za kaunti kuweka sajili. Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru zote zinaugusa mlima huu. Wizara yako ikikaa na kaunti hizo, Makavazi ya Kitaifa na mabaraza ya wazee, msingi wa kisheria upo.

Wahusisheni pia wapagazi na waongoza watalii wa Chogoria, Naro Moru na Sirimon. Hao ndio wanaofika kwenye maziwa kila msimu, na wengi ni wajukuu wa wale wale wazee. Walipwe kwa kushiriki, na mafunzo yao yajumuishe masimulizi yatakayokubaliwa kutolewa hadharani.

Mheshimiwa, naomba jibu la hadharani kwa maswali mawili. Je, wizara yako iko tayari kuanzisha mchakato wa kuiomba UNESCO iuongezee Mlima Kenya vigezo vya kitamaduni? Na kama iko tayari, ni lini wazee wa kaunti hizo tano wataitwa kikaoni?

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa jiografia, Umoja, Nairobi