Ripoti ya picha ya mailoma itoe hesabu

Ndugu Mhariri,

Ripoti za picha za wagonjwa wa mailoma, ile saratani ya seli za plazima ndani ya uboho, mara nyingi huishia kwenye maneno haya: "mifupa ina vidonda vingi." Hayo yanathibitisha kwamba ugonjwa upo. Daktari anayetaka kujua utakwenda kwa kasi gani hapati kitu, ilhali jibu limo kwenye picha zilezile. Linahitaji kuhesabiwa tu.

Sindano ya uboho huchota mahali pamoja pa nyonga, na mailoma haienei sawasawa. Sampuli huweza kutoka karibu safi huku pingili za mgongo zimejaa. Eksirei nayo huchelewa, kwa sababu tundu halionekani mpaka mfupa umepoteza kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake. CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande) ya mwili mzima ya mionzi midogo huona tundu la milimita 5. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, hutangulia zaidi, kwani huona doa kwenye uboho kabla mfupa haujatoboka. Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya mwaka 2014 vinasema madoa zaidi ya moja ya milimita 5 au zaidi kwenye MRI yanatosha kuanza matibabu, hata kama mgonjwa hasikii lolote.

Sasa hesabu zenyewe. Kwenye MRI, madoa zaidi ya 7 yameonekana kuambatana na maisha mafupi zaidi. Kwenye PET-CT, ambapo mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi na seli zinazoinasa kwa wingi huwaka, dalili mbaya ni madoa zaidi ya 3, kiwango cha SUV (kipimo cha mwako) kinachopita 4.2, na zaidi ya yote, ugonjwa uliotoka nje ya mfupa na kuingia kwenye nyama au viungo vingine. Huo wa mwisho usifichwe katikati ya aya. Uandikwe juu kabisa. Ukubwa nao upimwe: zidisha vipenyo viwili vya doa vinavyokatana, kisha taja ni mangapi yanayozidi sentimita 5 za mraba. Baada ya matibabu, linganisha doa na ini kwa kipimo cha Deauville, chenye madaraja 1 hadi 5 ya mwako wa PET. Likiwaka kuliko ini, yaani daraja la 4 au 5, ugonjwa bado una nguvu, hata vipimo vya damu vikionekana kutulia.

Makosa yanayopotosha ubashiri tunayajua, na mengi huanzia kwenye maandalizi. Mgonjwa wa PET afunge saa 6, sukari yake iwe chini ya milimoli 11 kwa lita, na apigwe picha dakika 60 hivi baada ya sindano. Dawa za steroidi hupandisha sukari, tena huweza kuzima mwako wa madoa kwa muda. Sindano za kuongeza seli nyeupe huuwasha uboho wote, na mvunjiko mpya huwaka kama saratani. Doa la fuvu hujificha kando ya mwako wa ubongo. Halafu kuna wagonjwa, takriban 1 kati ya 10, ambao seli zao zina upungufu wa kimeng'enya cha kuinasa sukari hiyo yenye mionzi. PET yao huwa tupu ingawa MRI imejaa madoa. PET tupu kwa mgonjwa ambaye hakuwaka tangu mwanzo si habari njema, ni kipimo kisichomfaa.

Matundu ya CT hubaki miaka mingi baada ya saratani kufa, kwa hiyo kubaki kwake pekee kusiitwe kurudi kwa ugonjwa. Kwenye MRI, kipimo cha mwendo wa maji kati ya seli hupanda seli zinapokufa, kisha hushuka mafuta yanaporudi kwenye uboho. Anayesoma bila picha ya mafuta pembeni atadhani ugonjwa umeamka.

Tunaomba kila ripoti itaje idadi ya madoa, ukubwa wa lililo kubwa kuliko yote, mwako wake ukilinganishwa na ini, ugonjwa ulio nje ya mfupa, na dawa alizotumia mgonjwa wiki za karibuni. Na picha ya pili ipigwe kwa kipimo kilekile cha kwanza.

Wako,
Wasomaji wa picha za mifupa