Barua kwa shoga yangu wa Maskati: Zuko katubu, Vegeta wako tuzungumze

Shoga yangu,

Salamu za Tanga, joto ni lile lile unalolijua na umeme unakata ukijisikia. Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nakuna nazi, nikaona hapa nikijibu kwa voisi ntapiga kelele watoto waamke, bora niandike. Eti Zuko, yule mwana wa mfalme kwenye katuni ya Avatar: The Last Airbender aliyeanza kama adui, "kabebwa na waandishi kwa sababu ana sura ya huruma". Sura ya huruma! Mtu jicho zima limeungua na aliyemuunguza ni babake mzazi, mbele za watu, ana miaka 13, kosa lake kuwatetea askari wapya waliokuwa wanapelekwa kufa makusudi. Haya bana.

Ila nakubali umeniuliza swali la maana, kwamba adui wa katuni akigeuka mtu mwema tunajuaje ni kweli na sio episodi zimeisha tu wanataka kufunga duka. Nimelala nalo siku mbili.

Unamkumbuka maalim wetu wa chuoni alivokuwa anatuhesabisha masharti ya toba kwa vidole? Uache, ujute, uazimie hurudii. Hayo matatu ni yako na Mola wako. Halafu ananyanyua cha nne anakitikisa, kama ulikula haki ya mja mrudishie mja haki yake, la sivyo hujamaliza kitu. Sasa mi naona katuni nyingi zinaishia kidole cha tatu. Adui analia, vinanda vinapigwa, steringi anamshika bega, kesho wako meza moja wanakula. Wale aliowachomea nyumba hata nyuma ya picha hawapiti. Ni kama zile meseji za kuamkia Ramadhani, "naomba unisamehe kwa lolote nililokukosea", mtu kafowadi kwa namba zote za simu mpaka fundi bomba yumo. Lolote lipi? Lolote sio kosa, kosa lina jina na siku.

Sasa mchukue Zuko. Kwanza aliharibu pale pale alipokaribia kutengemaa, na hili ndo we unaliruka kila siku. Mwisho wa sizoni ya pili, kule chini ya mji wa Ba Sing Se, Katara, rafiki wa yule Avatar Aang ambaye Zuko alikuwa anamwinda, kamuonea huruma mpaka katoa kile kichupa cha maji ya roho ya kuponya, kimoja tu alichonacho, amtibu lile kovu, na baba yake mkubwa Iroh anamsihi asimame upande wa haki, halafu anatokea dadake Azula na maneno yake matamu na huyu bwana anakwenda na Azula! Nilikuwa nimekaa kitandani nikarusha mto. Aang kapigwa radi, na ni yale maji yaliyomwokoa, yani Katara angeyamaliza kwenye kovu tungezika.

Na waandishi wakampa kila alichokililia. Karudi ikulu, babake kamsifu, mpenzi anaye, watu wanamshangilia. Waandishi wavivu wangembadilisha wakati ananyanyasika, njaani, hana pa kwenda, lakini mtu mwenye njaa akitubu utajuaje sio njaa? Huyu katubu ameshiba. Kaingia kwa babake siku ya kupatwa kwa jua akamwambia usoni, akarushiwa radi akairudisha kwa ujuzi aliofundishwa na Iroh, akatoka mbio hadi jela akamtoe mzee, kufika mzee kashajitoa mwenyewe kaondoka, hata nafasi ya kuomba radhi hakupata. Sio mara zote unayemdai msamaha anakusubiri mlangoni.

Halafu anafika kwa kina Aang. Kwanza kajizoeza hotuba mbele ya chura, hapo ntacheka mpaka kufa. Ila sikiliza anavoomba radhi. Anataja moja moja, nilikuwinda, nilivamia kijiji chenu, na yule muuaji anayewafuata nilimtuma mimi. Wale hawakuwa na habari! Sokka, kakake Katara, kashtuka, kumbe ni wewe? Kajitia kitanzi mwenyewe kwa kosa ambalo hamna aliyekuwa anamdai. Ukitaka kupima adui anayetubu mpime hapo, je kasema lisilojulikana, au anakiri yale tu aliyokamatwa nayo.

Na hawakumpokea. Usiku Toph, binti wa kundi lao, peke yake ndo kaenda kumsikiliza, jamaa kashtuka kamuunguza miguu, yani mkosi juu ya mkosi. Walipokuja kumkubali Katara kamfuata chumbani akamwambia ukiteleza mara moja tu nakumaliza, na hasira hiyo kaibeba episodi na episodi huku wenzake wote washamzoea, wanamuona yeye ndo mgumu. Nampenda kwa hilo. Zuko angeweza kununa kwamba mbona nimeshaomba radhi, lakini yeye kaenda kuuliza mama wa Katara na Sokka alikufaje, akagundua ni kikosi gani, akampeleka Katara kumtafuta muuaji mwenyewe. Kidole cha nne hicho. Kisasi chenyewe tunaweza kubishana, Aang alikuwa hakitaki, lakini mwisho Katara hakumuua yule mzee muuaji na hakumsamehe pia, ila Zuko kamsamehe. Wawili tofauti, hesabu tofauti. Katuni ya watoto hiyo, ilianza 2005 ikaisha 2008 vipindi 61, na kuna tamthilia za watu wazima haziwezi kutenganisha hayo mawili.

Kitu kingine kidogo, moto wake ulizimika. Alikuwa anauwasha kwa hasira, hasira ikaondoka na moto nao ukapungua, ikabidi akajifunze upya kwa madragoni.

Asa nikuudhi na mimi mwenyewe nijiudhi. Iroh. Wote tunampenda yule mzee, chai yake, kuimba kwake chini ya mti akimlilia mwanawe, hapo hata we ulilia usikatae. Lakini huyu ndo jenerali aliyeizingira Ba Sing Se siku 600, akaandika nyumbani barua ya utani kwamba watauona mji kama hawatauchoma kwanza. Halafu anakwenda mji huo huo kufungua mgahawa wa chai! Sawa, mwishoni kaja kuukomboa. Lakini hamna mtu hata mmoja wa mji ule aliyemwambia mzee, wewe si ndo ulimuua kaka yangu? Namsamehe kwa sababu ya ile sauti yake, na najua ninapendelea.

Ndo maana kwa Vegeta wako, yule adui aliyegeuka kwenye katuni ya Dragon Ball Z, sitakuwa mkali sana. Kaua watazamaji uwanjani kwa mkono wake, wakati huo tayari ana mwanamke wake Bulma na mtoto. Lakini alipotaka kujilipua na lile jitu Buu akamuuliza mwenzao Piccolo kama huko ahera aendako atamkuta Goku, steringi mwenyewe, Piccolo akamwambia hapana, mwenzio kaishi kwa ajili ya watu, we kwa nafsi yako. Akasema basi, akaenda. Hapo nakupa, ile ni toba isiyo na rushwa. Ila wakaja kuharibu wenyewe, dragoni anayetimiza maombi akaombwa wafufuliwe wote kasoro wabaya, kile kiduara cha wafu juu ya kichwa chake kikapotea na ndo ikawa cheti. Dragoni kasema safi! Wale wa uwanjani wamefufuka wanapangusa vumbi, hamna aliyewauliza.

Mishumaa inaisha. Meseji yako ya lolote ya mwezi wa Shaabani niliiona, sikuijibu makusudi. Flashi yangu yenye sizoni zote tatu, uliyosema unakwenda kuiangalia siku mbili kabla ya safari, iko wapi?

Na mimi nina langu, wala hukuwa unajua. Lile dera lako la zambarau ulilodhani limeibwa kwenye kamba siku ya maulidi, ni mimi nililichukua, nikaliunguza na pasi kifuani, nikalifukia nyuma ya mnazi wa bibi. Najua uligombana na dada wa jirani kwa ajili yake. Kwake nimeshakwenda jana.