Shemeji amelipenda blanketi la binti yangu

Shangazi, hujambo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sijawahi kuona mtu akikuandikia kuhusu blanketi. Wengine hukuletea mambo ya mpango wa kando na mama mkwe aliyekuja wikendi akakaa mwaka. Yangu ni blanketi. Liko hapa mezani nikiandika, limekunjwa mara nne na kufunikwa shuka.

Nina miaka 46, ni karani wa stoo katika kampuni moja kule Industrial Area, na naishi Umoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Uraibu wangu ni kushona. Si nguo. Nashona mablanketi ya viraka, yale ambayo Wamarekani huyaita kwilti. Jirani yetu mmoja aliyelelewa Mombasa aliliona moja akaniambia kwao hilo ni mfarishi. Vipande vidogo vidogo unaviunga mpaka viwe kitambaa kimoja kipana, chini yake unatandika kitu cha kuleta joto, chini kabisa kitambaa cha mgongo, halafu unashonelea tabaka zote tatu pamoja.

Nairobi hii, mwanamume akiketi nyuma ya cherehani ni fundi. Pita Mutindwa, pita River Road, uone ni akina nani waliokunja migongo pale. Kwa hivyo hakuna anayenicheka kwamba nafanya kazi ya wanawake. Taabu yangu ni kwamba hakuna anayeamini mtu anaweza kushona bila kutafuta pesa. Mlango wetu unabishwa Jumapili asubuhi: zipu imekufa, sketi ya shule ipunguzwe, suruali ya keateka, mwangalizi wa jengo, imepasuka pale unapopajua. Nikisema sishoni nguo wananitazama kama ninayeringa. Wakati mmoja uvumi ulizunguka ghorofa zote tano kwamba nimefutwa kazi na ndiyo maana cherehani inalia usiku.

Nilianza mwaka wa 2020, wakati wa kafyu, kampuni ilipotupunguzia kazi hadi siku tatu kwa wiki. Ndani kulikuwa na Singer nyeusi ya mguu niliyoachiwa na amu yangu, tumeiwekea televisheni juu. Nikaiondoa televisheni, nikaitia mafuta, nikabadilisha mkanda, ikakubali. Uzuri wa cherehani ya mguu ni kwamba stima ikipotea unawasha taa ya simu na kuendelea. Kazi ya kwanza ilikuwa vitambaa vya makochi, kwa vipande ambavyo mafundi wa Mutindwa huvitupa chini ya meza. Mke wangu alivitandika siku tatu, kwa heshima tu, kisha akarudisha vile vyeupe vya krosheti.

Sikuwa na mwalimu zaidi ya video za simu, na video hizo ni za watu wenye vyumba vizima vya kushonea. Mimi nilikuwa na mkasi na kadibodi ya boksi la unga niliyokata iwe mraba wa kupimia. Sikujua kwamba kadibodi huliwa na kalamu. Kila ukichora kando yake, pembe zinalegea kidogo, na kufikia kiraka cha mia mraba wako si mraba tena. Fundi mmoja wa vigae ndiye aliyeniokoa bila kujua: alipomaliza bafu la jirani nikamwomba kigae kimoja cha ukutani cha sentimita 15. Hakiliwi na chochote. Ninacho mpaka leo.

Halafu kuna ukingo wa mshono, yaani ile nafasi kati ya uzi na mwisho wa kitambaa. Unatakiwa uwe karibu milimita 6, kila mahali, bila huruma. Mimi nilikuwa nikishona 6 nikiwa macho na 8 nikisinzia. Milimita 2 ni nini, utauliza. Mstari wa viraka 12 una mishono 11, na kila mshono unakula pande mbili, kwa hivyo mstari wa usingizi ulitoka mfupi kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita 4. Nilijaribu kuuvuta. Kitambaa hakidanganyiki, kilijikunja katikati kama samosa. Nilifumua usiku mzima kwa wembe.

Makosa mengine nitayapitia haraka. Nilianza kushonelea tabaka kutoka ukingoni badala ya katikati, na mgongo wa blanketi ukajaa makunyanzi. Nilitandika sakafuni, nikabana kwa pini za nepi kwa bidii sana, na niliponyanyua blanketi zulia likaja nalo. Nilishona leso nyekundu mpya kando ya shati jeupe bila kuifua kwanza. Dobi ya kwanza, shati likawa rangi ya maji ya tikiti. Watu waliniambia niloweke kwa chumvi, nikaloweka, chumvi ikaenda bure. Siku hizi nafua kila kitu kabla ya kukata, kisha naweka kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake na kupiga pasi ya moto. Cheupe kikiambukizwa rangi, ile leso haiingii kwenye blanketi langu. Na pasi yenyewe nimejifunza kuitumia: mishono ya mstari wa kwanza inalazwa kushoto, ya mstari wa pili kulia, na mistari ikikutana pembe zinashikana zenyewe, huhitaji hata kukodoa macho.

Gikomba nakwenda Jumamosi, kazi ikiisha saa saba. Natafuta mashati ya mitumba ya pamba tupu, maana pamba na poliesta zikishonwa pamoja moja hurudi kwa kufuliwa na nyingine haijali. Njia ya kuzitenganisha ni kuchoma uzi. Wa pamba unanuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta unayeyuka na kuwa kijishanga kigumu. Lakini usithubutu kutoa kiberiti Gikomba, Shangazi. Soko lile limeungua mara nyingi mno, na siku nilipokitoa mimi, mama muuzaji alinishika mkono kabla sijakiwasha na vijana watatu wakasimama. Sasa naomba uzi tu, nauchomea nyumbani.

Nimerefusha, najua, lakini nataka uelewe kwamba hicho ndicho ninachokipenda. Nikirudi nyumbani nimeshahesabu mabomba na misumari ya watu siku nzima. Kutoka saa mbili usiku mpaka saa tatu u nusu, kabla jirani wa chini hajaanza kugonga dari kwa ufagio, nahesabu viraka vyangu. Hakuna anayenidai risiti.

Mke wangu si mtu mbaya. Anaona tu pesa imelala. Nilijaribu kumweleza kwa mfano. Nikamsimulia kuhusu wanawake Weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kule Marekani, walioshona mablanketi kwa nguo kuukuu za shambani ili watoto wasilale na baridi. Mwaka wa 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho Houston kama picha za wasanii wakubwa, na 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu kumi. Nilidhani nimemaliza. Yeye akachukua simu, akasoma kidogo, akaniuliza: “Na hii Freedom Quilting Bee ya 1966 ni nini? Si ni wanawake wa upande huohuo waliungana wakaanza kuuza?” Mfano wangu ukanigeuka mdomoni. Ni kweli, waliuza.

Basi Agosti, muhula wa tatu ukikaribia, tulikuwa na salio la karo ya kijana wetu aliye Kidato cha Tatu. Dada mkubwa wa mke wangu akaja kututembelea, akaona blanketi nililotandika kwenye kochi, akasema anataka lake. Kijana wake anapeleka ruracio, yaani mahari ya Kikuyu, Murang'a Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Wewe unajua mablanketi na leso za akina nyanya zilivyo na uzito siku hiyo. Yeye alitaka nyanya wa bibi harusi apewe kitu ambacho hakiuzwi dukani. Bei akaitaja yeye mwenyewe: 18,000. Sikuwahi kutaja bei ya kitu nilichoshona, hata sikujua mahali pa kuanzia. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikasema sawa. Jioni hiyohiyo 9,000 ziliingia kwenye M-Pesa. Asubuhi zilikuwa shuleni.

Tangu siku hiyo mkono umekufa. Nilinunua vitenge alivyovitaka, vyenye dhahabu, nikavifua, nikavipiga pasi, nikavikunja. Kigae kiko juu yake. Kila nikikishika naona kama niko stoo. Shemeji anapiga simu: zambarau iongezwe, zambarau iondolewe, je, nyota kubwa katikati inawezekana? Nyota ina kona kali ambazo sijawahi kuzishona maishani. Najibu, “Tunaendelea vizuri, shemeji.” Mke wangu naye nimemwambia niko nusu. Ni uongo, Shangazi. Sijakata hata kiraka kimoja.

Nilichokuwa nikishona ni blanketi lingine. Binti yetu wa mwisho anaingia Gredi ya 10 Januari, na tukijaliwa ataenda bweni. Tangu mwaka jana nilimwahidi blanketi la kwenda nalo. Nimelishona kwa nguo zake mwenyewe: gauni la nasari, sare za msingi za mirabamiraba, rinda la Krismasi alilolililia alipoambiwa limekuwa dogo, na ile leso ambayo mama yake alimbebea mgongoni. Jina la leso hiyo ni Wema hauozi. Nilikata vibaya, kiraka kimoja kikabaki na WEMA HAU na OZI ikaangukia miguuni kabisa. Mke wangu alinigombeza kwamba maneno ya leso hayakatwi. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Viraka 144. Imebaki kushonelea nusu ya chini na kuzungushia pindo. Mke wangu husema shule haitakubali, kwamba shule zina rangi zake za blanketi, na huenda ana haki.

Wiki mbili zilizopita shemeji alitaka picha. Hakutaka tena kusikia tunaendelea vizuri. Nilishikwa na hofu, nikapiga picha kona moja ya blanketi la binti nikamtumia, nikidhani ataona nguo kuukuu na kukasirika, nami nipate sababu ya kumrudishia pesa yake polepole. Alipiga simu akilia machozi ya furaha. Akasema hilo ndilo, niache nyota, niache dhahabu, lina roho, linaonekana kama limekaa na watu. Ameionyesha picha hiyo kwa wazee wa upande wake. Hajui ni nguo za nani, na mimi sikumwambia.

Kwa hivyo sasa kuna blanketi moja na watu wawili wanaolingojea. Kukata vitenge vile na kumshonea lake kuanzia sasa haiwezekani. Hii ni katikati ya Oktoba na blanketi moja hunichukua miezi mitatu. Kumpa hili halafu nimshonee binti lingine Desemba nalo haliwezekani, kwa sababu nguo zile zimeisha. Gauni la nasari ni moja tu. Pesa ya kurudisha sina, na hata ningeipata, namwambiaje shemeji yangu mkubwa, wiki saba kabla ya ruracio ya mwanawe, kwamba picha ile ilikuwa ya kumtuliza?

Binti alisikia mazungumzo ya simu. Hakuja kulalamika. Alikuja jikoni nikipasha chai akasema, “Baba, mpe tu Mama Mkubwa. Mimi nitanunuliwa la duka.” Alisema vizuri, bila kununa. Nikaona mambo yameisha, nikalala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Juzi nilikuwa nikimtafutia rula nikafungua kitabu chake cha Hisabati. Alama aliyoweka kwenye ukurasa ni kipande cha lile gauni la nasari, chembamba kama utepe, kilichobaki kwenye mfuko wa masalio. Amekipinda kingo na kukishona kwa mkono. Mshono wake umenyooka kuliko wangu.

Sasa niambie, Shangazi. Nianze na nani? Nikianza na mke wangu nitakiri uongo wa miezi miwili, na yeye ndiye anayejua jinsi ya kuongea na dada yake. Nikianza na shemeji, mke atasema nimemvua nguo mbele ya watu wake. Au nimchukue mtoto kwa neno lake, nimalize nusu ya chini nikabidhi, maana amesema mwenyewe, na elfu 9 zilizobaki zinaweza kumnunulia blanketi, boksi la bweni na vingine? Na hivi vitenge vya dhahabu nivifanye nini?

Tafadhali nijibu kabla ya Novemba kuisha. Shemeji ameanza kuuliza pindo nitalitia rangi gani.

Baba wa Viraka,
Umoja, Nairobi